Swali la Baba kuhusu Ukuta wa Ávila

Juzi niliona picha ya ukuta wa kale wa Ávila, mji wa Hispania, nikashikwa na aibu upya. Tuliwahi kuujenga kwa maboksi shuleni kwetu Columbus, huku ugenini, darasa zima likanuka gundi. Alasiri wazazi walipokuja kutazama, baba, aliyekuwa mwashi kule Kivu, aliinama akauchunguza mnara baada ya mnara.

"Umuulize mwalimu, ile mawe yote ni nani alikuwa anabeba?"

Nilidhani ni swali la mtu asiyesoma. Sikujua kwamba hata wanahistoria huliuliza. Nikamwambia mwalimu kwa Kiingereza, "Baba anasema ukuta ni mzuri." Mwalimu akatabasamu.

"Amejibu nini?" baba akauliza.

"Amesema hajui."

Baba akamtazama kwa huruma, akampa mkono. "Haina shida, mwalimu."

Hilo nalo sikulitafsiri.