Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Wewe ungeuza cherehani yako ili ununue kazi ya kushona? Usicheke. Mwaka 1992, hapa Lubumbashi, mwanamke mwenye akili kuliko walimu wangu wengi alibakiza siku moja tu afanye hivyo.

Jina lake Mama Nkandu, jirani yetu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Mumewe, Papa Mutale, alikuwa amechimba shaba miaka ishirini na miwili, na sasa mwezi wa tano ulikuwa unakwisha bila Kampuni kulipa mshahara. Maduka ya mjini yaliporwa mwaka uliotangulia. Mengi yalikuwa bado hayana milango. Chuo kikuu kilifungwa, nikarudi nyumbani na vitabu vyangu na hasira zangu. Mama Nkandu akanipa kazi ya kumshikia uzi. "Mapinduzi itakungojea," aliniambia. "Shika hapa."

Kudarizi alijifunza kwenye foyer, shule ya Kampuni kwa wake za wafanyakazi. Huko mwalimu hakutazama ua ulilolishona. Aligeuza kitambaa akasoma nyuma yake. Mafundo yakiwa mengi, unafumua yote, unaanza upya. Siku Mama Nkandu alipomaliza wa kwanza, alizawadiwa cherehani, na tangu hapo akaifunika kwa kitambaa kizuri kuliko kile cha meza yake.

Kusema kweli, kazi alikuwa nayo. Mama Katungu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alimletea vitambaa vya sare za shule. Mama Nkandu alizishona nyumbani, akalipwa unga wa mahindi, kwa kuwa franga, kama tulivyoita fedha, zilizopatikana asubuhi zilikuwa makaratasi matupu ifikapo jioni. Mama Katungu hakudai hata senti ili kumpa kazi. Ila aligeuza kila sketi, akalikwaruza pindo kwa ukucha, na iliyoshonwa vibaya aliirudisha.

"Ule mama wa Butembo," alilalamika Mama Nkandu, "anachungulia nyuma ya nguo kama askari wa douane ku mupaka."

Ndipo akaja Monsieur Gérard. Alikodi chumba kilichokuwa studio ya picha kabla ya uporaji, akatangaza kwamba wanawake watadarizi vitambaa vya meza nyumbani kwao, kwa mkono, na ndege itavichukua uwanjani Luano kuvipeleka Ulaya. Malipo yangekuwa mara sita ya unga wa Mama Katungu. Kwanza kila mmoja alipe ada ya kuandikishwa. Katoni ya vitambaa na nyuzi ingefika wiki ijayo. Kwa sasa angepewa kadi yenye namba.

Hiyo namba ndiyo iliyotumaliza. Kambini mwetu, kwa namba ya kazi ya baba ulipata unga, ulitibiwa, uliingia shule, hata jeneza ulipewa. Papa Mutale alipoiona kadi ya jirani yao Chanda, 0417 chini ya mhuri mwekundu, aliishika kwa mikono miwili.

"Iko na numero," alisema. "Kintu ya uongo haina numero."

Nikawaka. Niliwahutubia pale uani kuhusu unyonyaji: kwamba anayetoa kazi ndiye hulipa, na anayekulipisha ili akuajiri hana kazi, ana njaa ya mfuko wako. Mama Nkandu alisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiazi cha kuchemsha.

"Unasema muzuri, mwanangu. Sasa kula. Hata redio inapumzika." Kisha akaongeza, bila ukali, "Unga ya Katungu inaisha Jumatano. Alhamisi batoto batakula maneno yako?"

Nikala kiazi. Fundi Symphorien alikwisha kukubali kuinunua cherehani, na angekuja na mkokoteni wake kesho asubuhi. Fedha hiyo ndiyo ingelipa ada. Kazi mpya ni ya mkono, walisema. Cherehani ya nini tena?

Mchana huo nilimsindikiza kwa Monsieur Gérard. Alitaka kujiandikisha yeye na binti yake Emmanuella, wa miaka kumi na miwili, kwa hiyo alibeba vitambaa viwili vya mfano. Chake kilikuwa na ndege wawili juu ya tawi, kazi ya miezi miwili. Cha Emmanuella kilikuwa na ua kubwa jekundu, na nyuma yake palikuwa kama kiota cha kuku.

Monsieur Gérard alivitandaza mezani. "Très joli, nzuri sana, mama. Zote zitaenda Ulaya."

Mama Nkandu alingoja. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa yule bwana. Mkono haukukigusa kitambaa tena, ukaenda moja kwa moja kwenye daftari.

"Zote?" akauliza.

"Zote, mama."

"Bei moja?"

"Bei moja. Zote ni sawa. Kesho leta franga, nikupe numero."

Alivikunja vitambaa vyake, akaaga kwa adabu. Tulipofika nusu ya njia alisimama. Halafu akasema, "Miaka kumi na ine ya sindano. Zote ni sawa."

"Mama," akasema Emmanuella, "labda yangu njo muzuri kupita yako."

"Nyamaza, weye." Lakini alicheka mpaka akashika ubavu.

Papa Mutale alitungoja mlangoni. Mkewe hakumpa nafasi ya kuuliza.

"Samaki ya ziwa kutoka Kilwa ikifika soko, unainunua bila kufungua mashavu?"

"Hapana."

"Ule bwana hakugeuza kitambaa. Katungu anageuza, sababu iko na mahali ya kuuza. Huyu hana mahali. Anataka franga yetu tu."

"Na numero?"

"Numero? Hata mu buloko banakupa numero."

Papa Mutale, aliyewahi kulala siku tatu katika gereza hilo kwa ajili ya mgomo, alikwenda mwenyewe kumwambia Symphorien asije. Mama Nkandu naye akachukua vitambaa vyake viwili, akapita nyumba kwa nyumba akivigeuza mbele ya wanawake, akianzia kwa Chanda.

Kesho yake asubuhi nilimwacha akishona sare za Mama Katungu, nikaenda mpaka ile studio. Wanawake kama thelathini walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na vitambaa viwili mkononi. Monsieur Gérard alifungua mlango akitabasamu, akaketi mezani kwake. Chanda aliingia wa kwanza, akatandaza vyake mbele yake.

"Moja iko yangu, moja ya mutoto. Chagua ya Ulaya, monsieur."

Monsieur Gérard alitazama maua, akaweka kidole kwenye lile lililong'aa zaidi. Chanda alikigeuza kitambaa, akakiinua juu ili hata wa mwisho katika foleni ayaone mafundo. Kisha akakirudisha mezani, akaweka kadi 0417 juu yake, akafungua kiganja arudishiwe ada yake. Nyuma yake mwanamke wa pili alikwisha kutoa kadi yake, na wa tatu pia.

Monsieur Gérard aliitazama foleni mpaka mwisho wake. Akafungua droo ya fedha zao.