Taa Nyeupe kwenye Karavani ya Mjomba

Fundi huyu wa umeme wa magari watu walimwita Kinyaa, na jina likamganda. Tangu utotoni hakula chakula kilichoguswa na mkono wa mtu mwingine, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu atakufa njaa katikati ya karamu. Alipokwenda kujifunza ufundi, wenzake walikula sahani moja, vidole vikigongana, yeye akikaa pembeni na mkate wake kwenye mfuko. Walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Lakini kazi aliijua, na alikuwa na subira ya kufuata waya mmoja kutoka nyuma ya gari hadi mbele, basi wateja wakamvumilia yeye na glavu zake na kitambaa chake cha puani. Alifunga taa kwenye mabasi, kwenye magari ya wagonjwa, na mara moja, kwa kutouliza vizuri, kwenye lori la kusafirishia kuku. Jioni hiyo mke wake alimvua nguo uani kabla ya kumruhusu kuingia ndani, na zile nguo hazikuonekana tena.

Mjomba wake alipompigia simu, hakuwa na pa kukwepea. Mjomba ni mjomba.

"Ile karavani yangu," Mjomba alisema, "globu zake zinakula betri kama mchwa. Kila siku naibeba betri kwenda kuichaji, mgongo umekwisha. Niwekee hizi taa za LED. Nasikia hazili kitu."

"Kwani nani anakaa humo?"

"Bibi yako. Kelele za nyumba zilikuwa zinamchosha. Alitaka utulivu."

Bibi alikuwa mama mzazi wa Mjomba na wa marehemu mama yake Kinyaa, na kila Kinyaa alipopiga simu kumsalimia, Mjomba alimjibu kwamba kalala. Alijilaumu kwamba hajaenda kumwona muda mrefu. Akapakia vifaa vyake, akaenda.

Karavani yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili, ya kukokotwa na gari. Mjomba aliinunua kwenye mnada, kutoka kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Ilisimama nyuma ya nyumba yake kubwa, imebanwa ukutani, karibu na shimo la maji machafu. Matairi yalikuwa yamezama kwenye tope jeusi. Madirisha yalizibwa kwa maboksi ili, Mjomba alieleza, wapita njia wasichungulie. Mchana wa jua kali, ndani kulikuwa giza.

Kinyaa alipofungua mlango, harufu ilimpiga kifuani kama ngumi. Ilikuwa mchanganyiko wa mkojo, unyevu, mafuta ya taa na kitu kingine kilichooza ambacho hakutaka kukijua. Akaivuta barakoa juu zaidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba! Mume wangu umekuja!" Sauti ilitoka kitandani, changamfu kama zamani. "Na hicho kitambaa usoni? Umekuja kunioa au kuniibia?"

Alicheka, naye akacheka, ingawa kila alipovuta pumzi alijuta. Globu moja ya njano iliwaka juu ya kitanda, mwanga wake umechoka, na chini yake alimwona Bibi kama kivuli kilichofunikwa khanga. Bibi alimwonyesha mtandio wake. Ulikuwa na tundu la kuungua, kingo zake nyeusi.

"Hiyo taa ya mjomba wako ina moto kuliko jiko. Nilijiinua kidogo tu, ikanibusu kichwani."

Ndivyo zilivyo hizo globu ndogo za halojeni: nguvu nyingi ya betri inaishia kwenye joto, mwanga ni chenji tu inayobaki. Kinyaa alizima, akawasha tochi ya kichwani, akafungua kifuniko cha taa ya kwanza. Mende wakavu wakammiminikia kwenye mkono wa shati. Wengine walikuwa nusu, wamekaangwa, wamegandana na plastiki iliyoyeyuka. Alipiga kelele, akajikung'uta mpaka karavani ikayumba.

"Waache, hao ni wapangaji wenzangu," Bibi alisema. "Hata wao joto limewashinda."

Taa ya pili ilikuwa na mavi ya panya. Ya tatu, iliyokuwa juu ya jiko, ilifunikwa na utando wa mafuta mazito ya rangi ya kahawia, na bisibisi yake ilizama humo ikatoka na uzi mrefu unaoning'inia. Dari nyuma yake lilikuwa limeungua mviringo mweusi. Kisha akafika kwenye fyuzi, akakuta mtu amechomeka msumari mahali pa fyuzi. Hapo kichefuchefu kikawa cha aina nyingine. Msumari haukatiki. Waya zikipata moto, msumari unatulia tu, nyumba inaungua na aliyemo.

Alifanya kazi kwa hasira na kwa makini. Alisugua vishikio vilivyoota kutu, akabadilisha waya zilizokauka, akaweka fyuzi ya kweli. Kibao cha kwanza cha LED kilikataa kuwaka. Akakigeuza, kwa maana hizi, tofauti na globu za zamani, zinachagua chanya na hasi. Alipomaliza kuvipachika vyote alimwita Mjomba aje aone, kisha akabonyeza swichi.

Mwanga ukaja mweupe, kila pembe kwa pamoja.

Laiti usingekuja. Shuka la Bibi halikuwa na rangi yoyote inayotajika. Ukuta wa kichwani kwake uliota kuvu nyeusi yenye manyoya, na alama ya kichwa chake ilikuwa imejichora katikati ya ile kuvu. Sahani ya uji uliokauka ilikuwa sakafuni, sisimizi wamepanga foleni hadi kwenye ufa. Pembeni kulikuwa na ndoo, kifuniko chake kimevunjika nusu, imejaa karibu na ukingo, nzi wakubwa wa kijani wakitembea juu yake bila haraka, kama wenye nyumba.

"Zima!" Mjomba alisema kutoka mlangoni.

"Zima, mjukuu wangu," Bibi alisema pia, kwa sauti ndogo, huku akivuta khanga kujaribu kuifunika ile ndoo. "Naona haya."

Kinyaa hakuzima. Aliruka nje, akaegemea ukuta, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Nyuma yake alimsikia Mjomba akicheka.

"Wewe na kinyaa chako! Hizi taa ni kali mno. Niwekee za njano njano, zenye giza kidogo. Mtu mzima hahitaji mwanga wote huo. Kwanza haoni."

"Naona," Bibi alisema kutoka ndani. "Naona vizuri sana."

Kinyaa alijifuta mdomo. "Chumba chake cha ndani kina nini?"

"Kina mpangaji. Maisha yamepanda, mpwa wangu, usijifanye mgeni."

"Na choo?"

"Choo kiko ndani ya nyumba. Sasa usiku atapitaje sebuleni? Ndiyo maana kuna ndoo."

"Nani anaimwaga?"

Mjomba aliangalia viatu vyake. "Msichana wa kazi huwa anakuja. Siku hizi haji."

Kinyaa alimtazama mtu huyu aliyevaa shati lililopigwa pasi, ananukia marashi, na ghafla hakuweza kusimama karibu naye. Hata wale mende aliweza kuwavumilia.

Akarudi ndani. Akavaa glavu mpya juu ya zile za zamani, akainua ndoo kwa mikono miwili, na badala ya kuzunguka akapita nayo mlango wa mbele wa nyumba kubwa. Mke wa Mjomba alikuwa kwenye kochi akitazama televisheni na mpangaji wake. Aliruka akishika pua.

"Wee! Unapitisha nini humu?"

"Cha mama mkwe wako," Kinyaa alijibu. "Choo si kiko huku?"

Alitembea polepole kwenye zulia, kwa maana ndoo ilikuwa imejaa na alihofia kumwaga, ingawa baadaye alikiri kwa mkewe kwamba hakuhofia sana. Aliimwaga, akaisuuza, akatapika tena humo chooni, akatoka kwa njia ile ile.

Kisha akampigia mkewe. "Naja na Bibi."

"Anakuja kutembea?"

"Anakuja kukaa."

"Atalala wapi?"

"Sijui."

"Mlete. Hatakosa pa kulala."

Mjomba alisimama mbele ya gari akisema kwamba mama haibiwi mchana kweupe, kwamba ukoo utasikia. Bibi, aliyekwisha kaa kiti cha mbele na kifurushi chake mapajani, alishusha kioo. "Sogea, mwanangu, usije ukakanyagwa." Mjomba akasogea.

Huruma haikumponya Kinyaa. Bibi alizoea kubwia ugoro, anatemea kwenye kopo, na kopo hilo liliposogezwa karibu na meza, mjukuu wake alinyanyuka na sahani yake kwenda kula barazani. Walizozana juu ya hilo karibu kila siku. Lakini shuka zake alizifua mwenyewe, uso ameugeuzia upande, akiguna na kulaani, na hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Mjomba alikuja mara moja tu, na mkate wa duka kwapani. Alikaa sebuleni, akazungumza habari za kupanda kwa bei ya saruji, akaaga. Mlango ulipofungwa tu, Kinyaa alikwenda jikoni, akarudi na maji ya moto na sabuni, akaanza kusugua kiti alichokalia Mjomba.

Bibi alimtazama muda mrefu, akatema kwenye kopo lake.

"Na huo mguu wa nyuma," akasema. "Umeuruka."