Ruhusa ya Kupiga Ndezi kwa Mzee Stivers

Sylveri alikuwa mtu wa heshima zake, na ni heshima hiyohiyo iliyokaribia kumwua Jumapili moja, mchana kweupe, akiwa na suti ya kanisani. Watu wa Okolona, mtaani kwetu Louisville, wakisimulia habari hii huanza kwa kucheka. Waache wacheke, hawakuwepo.

Mambo yalianzia kwenye maharage ya mke wake, Agata. Wote wawili ni Warundi waliokulia kambini Mtabila, upande wa Kasulu, watoto wa wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka wa sabini na mbili. Marekani walifika wakiwa watu wazima tayari. Sylveri akapata kazi kwenye ghala la mizigo hapa Louisville, Agata akawa anahudumia wazee majumbani, maisha yakaenda. Kisha mama yake Agata akafariki kule Kigoma, akazikwa bila binti yake kuwepo. Agata wa watu akazima kabisa. Akaacha kazi, akaacha kwaya, akawa anashinda kitandani amegeukia ukuta. Ukimpelekea ugali anakwambia weka hapo, na jioni unaukuta palepale umekauka. Ilifika mahali Sylveri akawa anaogopa kwenda kazini, kwa kuwa hakujua atakuta nini akirudi.

Kilichomtoa Agata kitandani ni shamba. Kuna mradi unaowapa wakimbizi vipande vya ardhi nje kidogo ya mji, na mama mmoja wa kwaya alimburuta huko karibu kwa nguvu. Siku hiyo Agata alirudi na udongo kwenye kucha akauliza kuna nini cha kula. Akapanda maharage, mchicha wa lengalenga, nyanya chungu, maboga. Akaanza hata kugombana na majirani juu ya mipaka, na Sylveri, kila alipomsikia akigombana, alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Halafu wakaja ndezi. Si ndezi hasa, yule panya mkubwa wa vichakani, ni mnyama wa huku, Wamarekani wanamwita graundihogi, mnene, mwenye meno marefu ya mbele, anayelala kwenye mashimo. Lakini Sylveri na Agata walimwita ndezi kwa sababu tabia ni ileile, kula jasho la mwenzake bila aibu. Walikata maharage chini kabisa, shina kwa shina. Wakiwekewa ua, wanachimba chini yake. Wakimwagiwa pilipili, wanakula kama wamewekewa kachumbari. Mtego uliowekwa na mradi ulimkamata paka wa jirani. Na mashimo yao yote yalikuwa ng'ambo ya ua, kwenye shamba la nyasi la mzungu mmoja mzee aitwaye Stivers, ambaye hakuna mkimbizi aliyewahi kusema naye.

Jioni moja Agata alirudi kutoka shambani. Hakunawa mikono. Alipanda kitandani na viatu akageukia ukuta. Sylveri akasimama mlangoni akiutazama mgongo ule. Akajua kwamba maharage yale yakiisha, kitakachoisha si maharage tu.

Bunduki alikuwa nayo, ndogo, aliyoinunua baada ya kupata uraia, pamoja na kibali cha uwindaji. Alichokosa ni ruhusa ya kuingia kwa mwenye ardhi. Akamwuliza Murhula, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akifanya naye kazi ghalani, mwindaji wa siku nyingi. Murhula akamweleza bila kuacha kusukuma toroli lake.

"Bon, unaenda kwanza mikono mutupu. Unagonga ku mulango, unasema jina yako, unasema nyama gani unatafuta. Bunduki inabakia ku nyumba. Donc, hata mu gari usiiweke."

Sylveri akaitikia kwa adabu, na moyoni akasema hawa Wakongomani bwana, ndiyo maana kila mahali wanaonekana wajanja wajanja. Kwenda kumwomba mtu akuruhusu kuwinda kwake huku silaha umeificha? Sylveri hakulelewa hivyo.

Kule Kasulu mkimbizi aliyetaka kupiga ndezi kwenye shamba la Muha, mwenyeji wa huko, alikwenda mchana na silaha yake mkononi. Hagongi mlango. Anasimama uani, mbali na nyumba, anakohoa, anangoja aonekane. Mwenye shamba akitoka, unamkabidhi silaha kwa mikono miwili. Akiishika, akaitazama, akakurudishia, umeruhusiwa, na hakuna wa kukugusa. Baba yake Sylveri aliwahi kwenda mikono mitupu, akauficha upinde kwenye nyasi ili asimtishe mwenyeji. Wenye shamba wakaukuta. Afichaye silaha ni mwizi, wakasema, wakampiga mpaka jicho moja likafa. Sasa wewe umekua ukila na baba mwenye jicho moja, kila siku anakwambia mwanangu usifiche, halafu aje Murhula na toroli lake akufundishe mengine? Utamsikiliza?

Jumapili baada ya ibada wakaenda. Sylveri alitaka kwenda peke yake, Agata akakataa, akasema shamba ni lake. Akaweka kikapuni mafungu ya lengalenga, maana mkono mtupu haulambwi, na juu yake mashina ya maharage yaliyotafunwa, aliyoyang'oa mwenyewe asubuhi. Sylveri alifurahi tu kwamba ameinuka kitandani.

Nyumba ya mzee Stivers imekaa mwisho wa njia ndefu ya kokoto. Sylveri akaegesha gari karibu na banda, mbali na mlango kama inavyotakiwa, akamwambia Agata angoje. Akashuka, akafunga kifungo cha koti, akasimama katikati ya ua. Akakohoa. Mbwa akabweka kwenye mnyororo wake. Akakohoa tena, na pazia la dirishani likasogea kidogo. Sylveri akafurahi kwamba ameonekana.

Basi akaenda nyuma ya gari akafungua buti.

Ewe Sylveri! Mtu mzima na ndevu zako, mtu wa kusoma masomo kanisani! Akaitoa bunduki. Haikuwa na risasi, na mahali pa kuingizia risasi alipaacha wazi ili mwenyeji ajionee. Akailaza juu ya viganja vyake viwili, akarudi katikati ya ua, akainamisha kichwa kidogo, akangoja.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mzee Stivers alitoka na bunduki ya mitutu miwili, imemwelekea Sylveri kifuani. Alikuwa mzee kweli, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani, uso umekuwa mweupe kama unga. Akapiga kelele aiweke chini. Aiweke chini sasa hivi.

Kiingereza cha Sylveri, kile alichobishania na wasimamizi ghalani miaka yote, kikamtoka kichwani chote. Alichoelewa ni kwamba anaambiwa aitupe silaha mavumbini mbele ya mwenyeji, na kwao hiyo ni dharau, ni kama kumtemea mtu mate. Akadhani mzee hajaelewa kwamba anakabidhiwa. Akapiga hatua mbele, mikono imenyoshwa, ampe.

Hiyo ndiyo hatua iliyozidi zote kwa ubaya. Mitutu ikapanda begani kwa mzee, na sauti yake ikashuka badala ya kupanda, akasema akisogea tena anampiga. Hilo Sylveri alilielewa. Akasimama. Bunduki ndogo ile ikawa nzito mikononi kama gunia la mahindi, na akaogopa kuishusha, akaogopa kuishika, akaogopa hata kumeza mate. Alikuwa na hofu ya kufa, niseme wazi, na zaidi ya kufa alikuwa na hofu kwamba Agata yuko garini, na kwamba yeye ndiye atakayeona.

Mlango wa gari ukafunguka.

Mzee akapiga kelele tena, mama abaki ndani. Agata hakujua Kiingereza sana, au siku hiyo hakutaka kukijua. Alikuja polepole juu ya kokoto, kitenge chake cha kanisani kikiburuta, mikono imeinuliwa mbele na yale mashina yaliyotafunwa. Akampita mumewe bila kumtazama. Akaenda akasimama palipokuwa na nafasi kati ya yule mzee na Sylveri, na nafasi yenyewe haikuwa kubwa.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Tazama wanavyonifanyia."

Akainama, akayapanga mashina yale kwenye ngazi ya baraza, moja moja, sehemu iliyokatwa ikimwelekea mwenye nyumba. Mzee Stivers alitazama chini. Mkulima ni mkulima, alama za meno anazijua. Akamtazama Agata, akayatazama mashina tena, akauliza neno moja, kama ni graundihogi.

"Graundihogi," Agata akaitikia, akanyosha kidole kwenye shamba la nyasi. Kisha bila kugeuza mwili akageuza kichwa tu. "Weka chini, baba Angelika. Hapa si Kasulu."

Sylveri akapiga goti akailaza bunduki kwenye kokoto. Alipoinuka alijikuta ameloa, akashukuru kwamba suti ni nyeusi.

Mzee Stivers akakaa kwenye ngazi, mitutu ikatazama chini. Kiingereza kikarudi kidogokidogo. Sylveri akaeleza alivyoweza habari za Kasulu, silaha kukabidhiwa, mwenyeji kuishika. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kifyatuo. Samahani hakuomba. Wala Sylveri hakuomba, ingawa alikuwa amekuja na maneno mengi ya adabu.

Mzee akasema wanyama wale hata yeye wamemtesa, mashimo yao yalimvunjia gurudumu la mashine ya kukatia nyasi, na anayetaka kuwamaliza na awamalize. Kisha akamtazama Sylveri kwa mara ya kwanza bila bunduki katikati.

"Lakini si wewe. Kila nikikuona nitaona nilichokiona leo. Mama huyu anaweza kuja, apige yeye. Wewe ubaki ndani ya gari, barabarani, mahali ninapokuona."

Sasa Sylveri ndiye aliyepaswa kutafsiri. Agata alikuwa anamtazama, anangoja. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Amekuja na suti, amekuja mchana, hakuficha kitu, na katika yote hayo mtu ameona bunduki tu na mikono myeusi chini yake. Angesema neno moja tu, amekataa, wangeondoka pale na heshima yake iliyobaki. Na Agata angerudi kwenye ule ukuta.

Akatafsiri yote kama yalivyo.

Agata alimtazama yule mzee. "Mwambie nimekubali," akasema. Akaleta kikapu kutoka garini, akampa mzee. "Na mwambie lengalenga anaichemsha kwanza, asije akaila mbichi kama saladi yao."

Binti yao Angelika alipopigiwa simu kule Columbus alilia kwanza, kisha akawa mkali. "Baba, angekuua, na wangesema alikuwa na haki." Akataka waliache shamba, wauze vitu, wahamie kwake. Agata akachukua simu akamwuliza kama Columbus kuna maharage yake. Angelika akaanza kwa Kiingereza, mama yake akamwambia jioni njema, akakata.

Sylveri akamfundisha mkewe kupiga bunduki kwenye uwanja wa shabaha. Mabega ya Agata yalikuwa mazito, macho yake mazuri, na alimgombeza mwalimu kila alipokosa. Usiku walikuwa wanacheka juu ya hayo, lakini Sylveri akizima taa aliiona tena ile mitutu, na aliamka mara nyingi. Hilo hakumwambia mkewe. Kibali cha Agata kilipopatikana, wakaenda.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, umande haujakauka. Agata aliruka ua wa mzee Stivers na buti za mpira, kitenge amekikunja kiunoni, bunduki begani, akajilaza kwenye nyasi akiyaelekea mashimo. Sylveri alibaki barabarani ndani ya gari, dirisha limeshushwa. Alitamani kumwambia ashushe kiwiko, avute pumzi kwanza. Alitamani kushuka tu akasimama uani kama mwanamume anayemngoja mke wake.

Barazani mzee Stivers alikuwa amekaa kwenye kiti, bunduki yake magotini. Mzee hakumwangalia Agata hata kidogo. Alikuwa analiangalia gari.

Sylveri akaweka mikono yake miwili juu ya usukani, ionekane, akatazama mbele.

Bunduki ikalia. Kisha kigelegele cha Agata kikapanda kutoka kwenye nyasi, kirefu, cha arusini, ambacho Sylveri hakuwa amekisikia tangu msiba wa Kigoma. Akacheka peke yake pale garini, machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuinua mkono kuyafuta.