Mtani Aliyeshushwa Njia ya Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi, katika shamba moja la mkonge nje kidogo ya Pongwe, Eliudi Semkiwa anachota fungu la nyuzi mbichi kutoka kwenye toroli, analikung'uta mara mbili, kisha analitandaza juu ya waya. Maji ya kijani yanamchuruzika hadi viwikoni. Harufu yake humfanya mgeni azibe pua, lakini yeye ameizoea kwa miaka kumi na saba.

Kuanika mkonge hapa ni kazi ya watu wawili wawili, mmoja upande huu wa waya na mwingine upande ule. Mwenzake wa sasa ni Mdigo mtaratibu aitwaye Shehe, ambaye husalimu, huulizia watoto, kisha hufanya kazi kimya mpaka mchana.

"Huyu bwana ni mtu mwema sana," anasema Eliudi, akimwonyesha Shehe kwa kidevu. "Tangu aje hajanitukana hata siku moja. Hilo ndilo linaloniumiza."

Msomaji asimdhanie Eliudi kuwa amepungukiwa akili. Yeye ni Mbondei wa Muheza, na kwa miaka minane upande wa pili wa waya alisimama Kristofa, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja kwa mkataba. Wabondei na Wanyamwezi ni watani. Mtani aweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo, akakuvua kofia sokoni, akakusingizia wizi, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

Shambani bado wanakumbuka asubuhi Eliudi alipomwambia mnyapara asimhesabu Kristofa kwa kuwa amekufa. Kristofa alikuwa amesimama nyuma yake, akadai sanda, na mnyapara mwenyewe akalazimika kukaa chini kwa kucheka.

Mwezi wa Agosti 1954 dada yake Eliudi, Ruthi, aliyeolewa Mombasa, alijifungua. Eliudi akaomba ruhusa ya siku sita ili akamwone mtoto. Kristofa, ambaye hakuwa amevuka mpaka maishani mwake, akasema hawezi kumwachia Mbondei aende peke yake kuwatia aibu watu wa Tanganyika. Wakapanda basi la asubuhi.

Safari ilikuwa ya kelele hadi mpakani, maana abiria wengi walikuwa wa Tanga na walijua mambo ya watani. Baada ya Lunga Lunga walipanda watu wa kule, na basi likapoa. Nchi ya Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, na ingawa vita vya msituni vilikuwa mbali huko juu milimani, barabarani kulikuwa na askari wenye bunduki wakikagua vyeti.

Kabla ya kufika Likoni basi lilisimamishwa, na wanaume wote wakateremshwa. Eliudi alionyesha stakabadhi yake ya kodi. Ya Kristofa ilikuwa imelowa jasho, haisomeki vizuri. Askari akamgeukia Eliudi, akamuuliza kama anamjua mtu huyu.

"Nikasema simjui," anasimulia, na mikono yake inasimama juu ya waya. "Nikasema amenifuata tangu porini, ni muuaji, mfungeni kamba. Bwana, ningemwambia nini tena? Nilikuwa nimezoea hivyo kwa kila karani, kwa kila askari wa huku. Na yule mwenda wazimu akajibu, 'Kweli, na mjomba wake nilimla.'"

Watu wa Tanga walicheka. Abiria wa kule walitazama miguu yao. Askari, aliyetoka bara ya mbali ambako hakuna utani wa namna hiyo, hakucheka hata kidogo.

Eliudi akaanza kueleza mbio mbio. Aliapa, alitaja shamba, alitaja jina la mnyapara. Akajibiwa kwamba amekwisha kusema mwenyewe kuwa hamjui. Dereva akapiga honi. Kristofa, akiwa tayari ameshikwa mkono, alikuwa bado anatabasamu.

"Akaniambia, 'Panda, mtumwa wangu, ukaniwekee chai.' Nikapanda. Nilidhani atakuja na basi la nyuma."

Alingoja kivukoni Likoni mpaka basi la mwisho likaja, Kristofa hayumo. Kesho yake alirudi kwa miguu hadi pale barabarani, akakuta askari wamehamishwa. Tangu hapo amepeleka barua tisa katika ofisi mbalimbali. Zilizojibiwa ni mbili, zote zikisema jina hilo halimo katika orodha ya waliozuiliwa.

Miaka minne imepita, na Eliudi hajapanda basi tena. Kwenda Muheza anapanda treni au anatembea. Akisikia honi tu barabarani, huacha njia akapita mkongeni.

Sasa jambo limefika mahali pa kukata shauri. Mwezi uliopita Luka, kaka yake Kristofa, aliandika kutoka Tabora kwamba ukoo umechoka kungoja na unataka kuweka matanga. Katika matanga mtani ana kazi yake: huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo na sauti yake, huwachekesha wafiwa mpaka waweze kula. Luka anamtaka Eliudi aende akaifanye.

"Naujua mwendo wake. Naijua sauti yake," anasema. "Lakini nikiifanya, nimemzika kwa mdomo wangu mara ya pili."

Aliyemwamulia ni Praxeda, mke wa Kristofa, ambaye bado anaishi katika kambi ya shamba na kupalilia vitalu vya mkonge. Eliudi alimpelekea barua ya Luka na kumsomea, akitazamia kulaumiwa. Praxeda aliisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, ukivaa nguo zake, miye ni mjane," alimwambia. "Nenda kwanza kule ulikomwacha."

Eliudi anapata shilingi arobaini na tano kwa kila kipande, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, na nauli ameshaiweka. Ataondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi. Amesikia kwamba wako watu wanaofunguliwa kutoka kambi za vizuizi huko Kenya, na anakusudia kusimama katika kila kituo cha askari, toka mpakani hadi Mombasa, na kama si hapo basi mbele zaidi, na kusema neno moja tu: yule mtu ninamjua.

Luka ameandikiwa angoje mpaka mwisho wa mwaka.

Mwandishi alimuuliza atamwambia nini mtani wake endapo atamkuta hai. Eliudi alilikung'uta fungu alilokuwa nalo, akalitandaza, akalinyoosha vizuri kwa vidole.

"Miye sitasema kitu," akajibu. "Nitakaa chini, anitukane mpaka achoke."