Fimbo ya Gia Iliyofungwa kwa Mpira

Sikiliza, wewe mwenye kombi kuukuu. Miaka ya Zaire, nikimpeleka mke wangu kujifungua Kalemie, injini ilinguruma mlimani lakini gari halikusonga.

"Papa, kanyaga mafuta!" mke wangu akaniambia.

"Nimekanyaga, Mama."

"Basi mutoto atazaliwa humu, umupe jina la kombi!"

Nilizima injini, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikaingia chini. "Tikisa gia!" Akatikisa huku akilia, lakini fimbo ya chini, inayounganisha mkono wa gia na giaboksi, ilitulia. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kama tulivyofunga kila kitu, na joto la injini lilikuwa limeulegeza. Nikaikaza kwa waya, tukawahi.

Gari likinguruma bila kwenda, usiongeze mafuta. Lizime, weka jiwe, mwombe mtu atikise gia, nawe tazama chini kama fimbo inafuata.