Uso wa Mwindaji

Mchoraji huyu alikuwa mbishi: hachori kitu asichokijua. Basi alipopewa riwaya ya watoto, ya mbwa mwitu jike na mwindaji anayemsaka msituni, aliazima mbwa wa jirani kwa ajili ya miguu na mkia. Macho ya mnyama aliyatafuta kwenye kioo, kwake mwenyewe. Mwindaji alikuja tu, bila taabu, hata hakujua alikomtoa.

Nyumbani kwake kulikuwa na siri moja aliyoilinda kufa kupona: mtoto asijue. Mumewe alikuwa mtu wa watu, salamu kwa kila mtu mtaani, lakini mlango ukishafungwa anakuwa mwingine. Mchoraji alijifunza kupigwa kimyakimya. Alivaa mikono mirefu jua likiwaka, akasingizia ngazi, akasingizia kabati. Kabati hilo lingekuwa na mdomo lingeshamshitaki. Moyoni alijipoza: maadamu mwanangu hajui, navumilia. Jamani, watu wazima tunajua kujidanganya.

Alasiri moja binti yake wa darasa la pili alirudi kutoka shule, akatupa mkoba kwenye kochi, akaja kuegemea meza ya mama yake. Rangi zilikuwa bado mbichi. Akamtazama mwindaji, akamtazama tena.

"Mama, mbona umemchora baba?"

"Baba wapi? Huyu ni wa kitabuni, mwanangu."

"Ni baba. Anabana mdomo hivi, halafu ndiyo anakupiga."

Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Alitaka kukana, akauangalia ule mdomo uliobanwa upande mmoja, na ulikuwa wenyewe, hauna ubishi. Mkono wake ndio uliouchora. Kumbe mtoto huyu, ambaye yeye humfunika shuka na kumzimia taa kila usiku akidhani amelala fofofo, alikuwa anasikia na kuona yote. Tangu lini? Hakuthubutu kuuliza. Aliona aibu, halafu aliogopa, kuliko alivyowahi kumwogopa mumewe.

Binti alikuwa ameshahamia kwenye mchoro wa mwisho, ule ambao mbwa mwitu jike anavuka mto akimkimbia mwindaji, mtoto wake kambeba mdomoni.

"Huyu anaondoka na mwanawe," alisema taratibu. "Sisi tunaondoka lini?"

Mchoraji alitazama saa ya ukutani. Mumewe alikuwa bado kazini.

"Vaa viatu, mwanangu," alisema.