Chujio la Kioo

Mwenye kovu usidhani kapoa. Faustina alikuwa na lake, na kila alipolikumbuka liliwasha.

Zamani alikuwa fundi wa boti ya Obeid, iliyobeba mpunga na abiria kwenda Matema, Ziwa Nyasa. Siku injini iliponoki ikafa kabisa, Obeid alisimama ufukweni mbele ya abiria wote, akapaza sauti: "Mwanamke na mashine wapi na wapi! Huyu ndiye kaniulia injini!" Watu wakacheka. Tangu hapo hakuna mwenye boti aliyempa hata spana ashike. Faustina akapanda zake mjini Mwanjelwa, mbali na ziwa, akawa anatengeneza pampu za kumwagilia mashamba, jina lake akiliacha kule mchangani linakanyagwa.

Na kilichoiua injini alikijua. Obeid ana fahari moja: boti yake haifiki nchi kavu ikiwa chafu, ng'o! Wakikaribia ufuko, injini bado inanguruma, anaamuru pumba zilizovuja kwenye magunia ya mpunga zifagiliwe ziwani. Injini yenyewe inapozwa kwa maji hayohayo, pampu inayavuta kupitia tundu lililo chini ya boti. Pumba zikiyafuata maji, chujio linaziba, injini inachemsha. Faustina alimwambia mpaka mdomo ukamchoka. Obeid akacheka: ziwa kubwa hivi lishindwe na pumba?

Mwaka huu Obeid huyohuyo akapanda Mwanjelwa kulamba matapishi yake.

"Ugonile, dada," akamwamkia. "Boti inachemsha tena, na fundi wangu kakimbia. Nakuomba."

"Leo mimi dada!" Faustina alisikia utamu mpaka kwenye meno. "Nitakuja. Ila chujio jipya nitalifunga ninapotaka mimi."

Obeid akakubali haraka.

Alipoinama kwenye tumbo la boti na kushika mpira wa maji, shetani alimpitia, tusifichane. Kibanio kimoja tu akikilegeza, maji yangeingia taratibu na fahari ya Obeid ingekwenda kulala na samaki. Lakini boti hupandwa na watoto wa watu. Akakaza vibanio viwili kila mwisho wa mpira, akang'oa koki iliyoliwa na kutu akaweka mpya, akabadilisha pia kipande cha mpira kinachozunguka ndani ya pampu, maana mabawa yake yalishakatika. Mwisho akafunga chujio kubwa lenye kikombe cha kioo, mbele kabisa ya benchi la abiria.

Safari ya kwanza naye akapanda. Matema ilipokaribia, Obeid akapiga ukelele wake wa siku zote: "Fagieni!"

Faustina akasogeza mkono karibu na swichi ya injini. Mara kikombe kikaanza kujaa pumba, za njano, zinazunguka kama uji jikoni.

"Jamani, hizi si pumba?" akauliza mama mmoja mwenye kuku. "Zinaingia kwenye mashine?"

"Ndizo zilizoua ile ya kwanza," Faustina akasema, akazima injini. "Anazitupa tajiri mwenyewe, kila safari."

Boti ikabaki inaelea. Kisha kicheko kikaanza benchi la nyuma, kikaja mbele, na safari hii kilimjua mwenyewe, Obeid.

Waliposukumwa kwa pondo hadi mchangani, Obeid alimsogelea, uso chini, akanong'ona: "Nisamehe, fundi."

Ufukweni watu walikuwa wamejaa kungoja mizigo. Faustina akawatazama, kisha akamgeukia.

"Sikusikii, Obeid. Tumia ile sauti ya siku ile."